Mzee Kibii Apima Choo cha Paka

Mzee Kibii hakuwa na heshima kwa mtu asiyejua urefu wa ng'ombe wake. Unaweza kuwa na shahada, gari na kiti cha mbele kanisani. Akikuuliza ng'ombe wako ana urefu gani toka pua hadi shina la mkia nawe uanze kukuna kichwa, basi mbele yake umekwisha. Angekutazama kuanzia viatu hadi kofia, asonye, kisha atoe mfukoni ile kamba yake ya katani iliyofungwa fundo kila futi moja, aende kupima mwenyewe bila kukuaga.

Kwa miaka arobaini alijenga mabanda ya ng'ombe wa maziwa, kuanzia kwao Rongai hadi bonde la Subukia, akapanda mpaka Dundori ambako baridi ilimtafuna vidole. Hakujenga kwa kubahatisha. Katika banda la Kibii kila ng'ombe alikuwa na kitanda chake: mahali pa kulalia palipozungushiwa mbao na kujazwa mchanga, na nyuma yake mfereji wa kinyesi. Kitanda kikiwa kifupi, ng'ombe hulala matako yakining'inia mferejini. Kikiwa kirefu, hunya humo humo anamolala. Na kikiwa kipana, hugeuka, na ng'ombe akigeuka kitandani amekuchafulia mchanga, kiwele na maziwa ya kesho. Mkulima akithubutu kusema kwamba jirani yake kajenga vitanda vifupi na ng'ombe hawajalalamika, Kibii alimuuliza, "Ulienda kuwauliza? Na walikujibu kwa lugha gani?"

Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na ulimi mrefu kuliko kamba yake. Wakulima walimvumilia kwa sababu mabanda yake yalikuwa makavu. Mafundi wenzake hawakumvumilia, naye hakuwaomba.

Nyumbani kwake Rongai kulikuwa na jiko la nje, la mbao na mabati, alilolijenga mwaka aliooa. Alilijenga kwa siku mbili, kwa macho tu, bila kamba. Mkewe, Jepleting, alikuwa mwanamke mrefu, na mlango wa jiko ulimlazimu kuinama kila alipoingia na kila alipotoka. Aliposahau, boriti ya mlango ilimkumbusha. Akaomba mlango uinuliwe. Kibii akasema nikimaliza kazi ya Subukia. Kazi ya Subukia ikaisha, ikaja ya Dundori, na mwishowe Jepleting akachukua kipande cha gunia, akakikunja mara tatu na kukipigilia misumari pale kwenye boriti ili paji lake la uso likutane na kitu laini. Gunia hilo alilibadilisha kila lilipochakaa. Kibii alipita chini yake miaka yote hiyo bila kuvua kofia.

Jepleting alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu. Jeneza lake lilichongwa na Kipngeno, seremala wa pale Rongai, na tangu siku hiyo Kipngeno akawa fundi pekee katika Bonde la Ufa ambaye Kibii hakumtukana. Watu waliliona hilo wakadhani ni huzuni.

Alichoacha Jepleting ni binti mmoja, Jepkorir, mwalimu wa kemia mjini Nakuru, na paka mmoja mkubwa kupita kiasi. Paka huyo alitokea kwenye maghala ya mahindi siku moja bila kualikwa, akaingia jikoni, akala kilicho bora, akalala karibu na moto kuliko mtu yeyote, na hakutoa huduma yoyote isipokuwa kukaa. Jepleting akamwita Chifu. Walimpima siku moja kwenye mizani ya magunia, mshale ukasimama kwenye kilo nane na robo.

Kibii alipoteleza kutoka juu ya paa huko Subukia na kuvunja goti, Jepkorir alikuja na gari la kukodi kumchukua akaishi naye Kiamunyi, kiungani mwa Nakuru, kwenye ghorofa ya tatu ya ploti, yaani jengo la kupanga. Kibii alikubali kwa sharti moja: Chifu aje.

"Baba, paka ya nini kwa ploti? Huko hakuna hata panya," Jepkorir alimwambia.

"Nikimwacha hapa watu watampa sumu," Kibii akajibu. "Si unajua majirani."

Majirani hawakuwa na neno na paka. Ukweli, ambao Kibii angekatwa ulimi kabla ya kuutamka, ni kwamba kila saa kumi na mbili jioni, saa ambayo Jepleting alizoea kurudi kutoka kukamua, Chifu alikwenda kukaa mbele ya mlango akiutazama. Na Kibii alikuwa akikaa naye. Hawakuwa wakizungumza, na Kibii hakutaka kuukalia mlango huo peke yake.

Kiamunyi ilimchukiza tangu ngazi ya kwanza. Aliwadharau watu waliojenga nyumba moja juu ya nyingine kana kwamba ardhi imekwisha. Alidharau vigae vya sakafuni, vilivyokuwa vikiteleza, na maua ya plastiki ya mama wa ghorofa ya pili, aliyeyanyunyizia maji kila Jumapili ili kuondoa vumbi. Zaidi ya yote alimdharau Gedion, mwangalizi wa ploti, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni ambazo nusu yazo hazikufungua kitu.

Lakini matatizo yaliletwa na sanduku la waridi.

Jepkorir, kwa nia njema, alikuwa amenunua choo cha paka: kisanduku cha plastiki cha rangi ya waridi, pamoja na mfuko wa changarawe zenye manukato, akakiweka kwenye baraza la nyuma. Chifu hakuwa mshenzi. Alielewa mara moja. Aliingia kisandukuni kwa heshima zake zote, akachimba, akajiweka sawa, na kwa kuwa nusu yake ya mbele ilikuwa imekwisha kujaza sanduku, nusu ya nyuma ikabaki nje. Alifanya haja yake akiamini yumo ndani. Mkojo ukatiririka juu ya vigae, ukapata tundu la maji, ukashuka hadi kwenye shuka nyeupe za mama wa ghorofa ya pili. Hivyo mara ya kwanza, ya pili na ya tano.

Jumanne Gedion akapanda ngazi.

"Mzee, sasa hii maneno imefika mwisho," alisema, akisimama mlangoni huku akichezea funguo. "Mama wa second floor amenipigia mpaka simu ikaisha charge. Saturday saa sita, hiyo paka iwe imetoka. Isipotoka, nakuja na gunia, naitoa mimi, naenda kuitupa huko kwa crater ya Menengai."

"Wewe?" Kibii alimtazama toka viatu hadi kofia. "Chifu akikukwaruza utaacha hata hizo funguo."

"Mzee, mimi nimeongea."

"Chifu akitoka, na mimi natoka. Narudi Rongai leo leo."

Gedion alishuka ngazi. Jepkorir alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Alimjua baba yake: hakuwa mtu wa kutisha bure. Alilijua na lile goti, na ile nyumba ya Rongai, na jinsi alivyomkuta humo mwezi mmoja baada ya mazishi, akiishi kwa mkate na maziwa ya jirani, sufuria zote zikiwa zimepinduliwa vile vile mama alivyoziacha. Akirudi kule peke yake, hatadumu. Jambo lote sasa lilikuwa juu ya choo cha paka, na Jumamosi ilikuwa siku nne mbele.

Jumatano baada ya shule walikwenda mjini, kwenye duka moja la vitu vya mbwa na paka. Msichana wa dukani, Becky, aliwapokea vizuri, akimwita Kibii guka, yaani babu kwa Kikuyu.

"Karibu guka. Unataka ya kitten ama ya paka mkubwa?"

"Ya paka mkubwa."

"Basi chukua hii. Hii inaitwa Jumbo. Hakuna kubwa kuliko hii Nakuru yote."

Kibii aliinama kwa shida akaingiza kamba yake ndani ya ile Jumbo, akaibana kwa kidole gumba, akasimama.

"Inchi kumi na tisa. Paka yangu iko na inchi ishirini na tatu, na mkia sijahesabu. Hizo nne zingine akae nazo wapi? Kwa mfuko?"

Becky alicheka akidhani ni utani. Akatoa kingine, kilichofunikwa juu kama kibanda, chenye kimlango cha kusukuma na harufu ya sabuni.

"Hii sasa iko na privacy, guka. Harufu haitoki nje kabisa."

"Haitoki, inabaki na yeye huko ndani," Kibii alisema. Alipitisha ngumi yake kwenye kile kimlango, ikapita kwa taabu. "Hii mlango mlipima nini? Panya?"

"Lakini paka za customers wetu wote zinatoshea."

"Ulienda kuwauliza?"

Kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko kulikuwa na picha ya kipaka cha wiki nane, chenye macho ya buluu, kimekaa katikati ya sanduku kama bwana harusi. Kibii alikigonga kwa kucha. "Huyu ndiye mlimpima?"

"Hiyo ni picha tu, guka."

"Basi muuzie huyo wa picha."

Jepkorir aliomba radhi kwa macho, wakatoka. Huko nje, kwenye vumbi la barabara, alimwambia baba yake kwamba wangechukua tu ile kubwa zaidi wakajaribu bahati. Kibii akafyonya hadi muuza miwa akageuka. "Nimeona watu wakinunua fahali kwa picha wakalia. Choo sijawahi kuona. Nitajenga mwenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu avunjike goti alionekana mwenye afya. Alhamisi asubuhi, Chifu akiwa amelala kwenye kiraka cha jua, Kibii alipiga goti lake zima karibu naye, akanyoosha tena kamba toka pua hadi shina la mkia, kisha akapima upana wa mabega na kimo cha mgongo. Akachora nyuma ya karatasi ya mtihani wa kemia. Kilikuwa kitanda cha ng'ombe kilichopunguzwa: urefu sawasawa na mnyama na inchi mbili za ziada, mbao mbili za pembeni zilizobana ili asigeuke, ubao wa mbele wa kumzuia asisogee sana, na nyuma kifereji cha bati. Mchoro ulikuwa mzuri. Hata mimi ningeusifu kama ungekuwa wa ng'ombe.

Aliupeleka kwa Mwaura, fundi wa viti na meza ng'ambo ya barabara. Mwaura aliugeuza huku na huku.

"Mzee, hii ni nini? Jeneza ya mbwa?"

"Choo ya paka."

"Na atageukia wapi?"

"Hafai kugeuka. Mnyama akigeuka ndio anachafua."

"Sijui, mzee. Lakini paka ya kwangu lazima izunguke kwanza, ndio—"

"Fundi wa stuli atanifundisha mifugo?"

Mwaura akachukua nyundo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu, lakini hapa mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa hasikii, na goti lake lilikuwa limevunjika tayari.

Ijumaa jioni kitanda kilikuwa barazani, kimepigwa msasa, kimejazwa mchanga safi wa mto uliochekechwa. Jepkorir alirudi kutoka shule, akaweka vitabu, akaja kutazama. Chifu akaitwa. Alinusa ubao wa kwanza, akanusa wa pili, akaingia. Akachimba mbele. Kisha akataka kugeuka. Bega likagonga ubao wa kulia. Akajaribu upande wa pili, bega likagonga ubao wa kushoto. Akasimama pale akiwa amebanwa, akageuza shingo, akamtazama Kibii toka viatu hadi kofia.

Halafu akatoka kinyumenyume. Pembeni palikuwa na beseni kubwa la kuogea lenye nguo za kufuliwa. Chifu alipanda humo, akazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu, akachimba nguo kwa makini, akasimama karibu wima, na bila kuharakishwa na mtu akalowesha shati la kanisa la Mzee Kibii.

Jepkorir alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Unacheka nini?" Kibii alipaza sauti. "Nimepima kila kitu! Urefu nimepima, upana nimepima, mchanga nimechekecha kwa mkono wangu. Hii paka ndiyo haina akili."

"Baba," Jepkorir alisema akifuta machozi, "ulimpima akiwa amelala."

"Sasa?"

"Haendi choo akiwa amelala."

Kibii alifungua mdomo. Kwa kila fundi, mkulima na daktari wa mifugo alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa likija lenyewe kama mate. Sasa alishika la zamani tu. "Miaka arobaini mimi napima. Uliza mtu yeyote. Uliza Dundori. Hakuna mnyama nimewahi kumkosea."

Jepkorir alikuwa amekwisha kuinuka na kuanza kuokota nguo zilizolowa. Hakusema kwa hasira. Alisema akiwa ameinama juu ya beseni, kama mtu anayejisemea.

"Ni kweli. Kila kitu iko na mkia ulipima, Baba. Mama hukupima."

Akabeba beseni, akaingia bafuni, akafungua maji.

Kibii alibaki amesimama barazani na kamba mkononi. Alitaka kukasirika, na angefurahi sana kukasirika, lakini kilichomjia mbele ya macho ni kile kipande cha gunia, kimekunjwa mara tatu, kimepigiliwa misumari minne kwa mkono wa mwanamke asiyejua kupiga misumari, na katikati yake alama nyeusi ya mafuta ya paji la uso. Yeye, aliyewafukuza watu kazini kwa kupigilia misumari vibaya, alikuwa ameiona ile misumari imepinda. Aliiona kila siku. Aliona aibu, aibu ya kweli, na hapakuwa na mtu wa kumtupia.

Jumamosi aliamka mapema kuliko binti yake. Alikivunja kile kitanda, ubao kwa ubao. Akatandika karatasi pana ya nailoni sakafuni pa baraza, akamwaga juu yake mchanga wote, akavuta kiti akakaa. Hakumwita paka. Hakugusa kamba. Alikaa tu akitazama, kazi ambayo hakuwa amewahi kuifanya maishani bila kusonya.

Chifu alikuja baada ya kunywa maziwa yake. Alizunguka kwa upana. Alichimba nyuma ya shimo na mbele ya shimo, mchanga ukaruka mbali. Hakuchutama, alisimama miguu ya nyuma ikiwa imenyooka, na mkojo ukatoka juu juu, kama nusu futi kutoka chini. Kisha akafukia, akazunguka tena kuhakikisha. Wakati wa kuondoka alipaswa kuruka kizingiti kidogo cha baraza, na hapo Kibii akaona jambo jingine. Mguu wa nyuma wa kushoto ulichelewa. Paka aliusaidia, akauburuta kidogo, akapita. Alikuwa amezeeka. Miaka yote wamekaa mlango mmoja, na Kibii hakuwa amejua kwamba Chifu anachechemea kama yeye.

Alichora kwa chaki kuzunguka mchanga wote uliotumika, kisha ndipo akatoa kamba. Futi tatu kwa mbili.

"Mwaura," alisema saa moja baadaye, akiegemea mlango wa karakana, "una pipa ya bluu? Ile ya lita mia mbili."

"Iko nusu. Nilipasua ya kunyweshea ng'ombe. Si nilikuambia paka lazima izunguke, mzee?"

Mwaura alingoja tusi. Kibii alitazama sakafu iliyojaa maranda.

"Uliniambia," alisema.

Walilikata nusu pipa mlango upande mmoja, ukishuka hadi inchi tano kutoka chini, mguu mbovu uweze kuvuka. Waliusugua ukingo kwa msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa. Mbao za kile kitanda cha jana zilitumika kama kabari za kulizuia pipa lisibingirike. Mchanga wa mto, bila manukato. Lilipofika juu, vijana wawili wakilibeba na Kibii akiwafokea kila ngazi, lilichukua theluthi ya baraza, na Jepkorir akahamisha kamba ya nguo bila kuulizwa.

Saa sita kasorobo Gedion akafika. Alikuwa na gunia kweli, amelikunja kwapani. Kibii aliliangalia lile gunia kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

"Saa sita ni saa sita, mzee."

"Kaa chini," Kibii alisema. "Na usiguse guse."

Wakakaa watatu, wakimtazama paka aliyekuwa akijilamba tumbo. Dakika zikapita. Jepkorir aliuma ukucha. Chifu akamaliza tumbo, akafika kwenye paja, na alipotosheka na paja akainuka, akalikaribia pipa na kunusa mlango. Mguu wa kushoto ukavuka. Alizunguka, pakatosha. Akazunguka tena, pakatosha. Akachimba, mchanga ukagonga kuta ukarudi. Kisha akasimama wima kama diwani jukwaani, na kila tone likabaki ndani.

Gedion alisogea, akainama, akapapasa vigae kwa kidole. Pakavu.

"Lakini mzee, hii ni choo ama ni swimming pool?"

"Wewe unaishi single room. Ni wivu."

Gedion alicheka bila kupenda, akalikunja gunia lake. "Mama wa second floor nitamwambia. Akinyamaza, na mimi nimenyamaza." Funguo zikashuka ngazi zikilia.

Jepkorir alimkumbatia baba yake, naye akavumilia. Alimwambia kesho watanunua nyama. Alidhani hadithi imeisha, akaenda kupika. Alipikia jikoni palipokuwa na meza ya saruji iliyomfika kiunoni sawasawa, na Kibii, aliyeketi sebuleni, kwa mara ya kwanza aliliona hilo.

Saa kumi na mbili Chifu alikwenda kukaa mbele ya mlango. Kibii akaketi karibu naye, akatoa simu, akatafuta jina la Kipngeno.

Mganga hajigangi, watu husema, na husema wakicheka. Siku ile ya msiba Kipngeno alikuwa amempigia Kibii kwa adabu zote: "Mzee, pole. Niambie mama alikuwa na urefu gani, nianze kukata mbao." Na Kibii, aliyekumbuka mpaka leo kwamba ng'ombe mweusi wa mwalimu mmoja wa Dundori alikuwa futi saba na inchi mbili, hakuwa na jibu. "Mrefu," alisema. "Mrefu kiasi gani, mzee?" Kipngeno hakumcheka. Hakusonya. Alikwenda mwenyewe mochari na tepu yake, na hakumwambia mtu yeyote. Ndiyo sababu Kibii hakumtukana tena.

"Hallo, mzee," sauti ya Kipngeno ilisema. "Goti inaendeleaje?"

"Jepleting," Kibii alisema. "Ulipompima. Ulipata ngapi?"

Nyuma ya Kipngeno msumeno wa mtu mwingine ukakata na kuacha. Kipngeno hakuuliza ni ya nini.

"Tano na inchi kumi na moja, mzee."

"Asante."

Mlango wa jiko la Rongai hakuhitaji kuupima. Yeye mwenyewe alikuwa futi tano na inchi tatu, na hakuwahi kuinama pale, wala kuvua kofia.

Aliinyoosha kamba juu ya goti. Akahesabu mafundo matano kutoka mwanzo, akaongeza inchi kumi na moja kwa kidole gumba, na hapo, inchi moja kabla ya fundo la sita, akafunga jingine. Akalikaza kwa meno. Chifu aligeuka kumtazama mara moja, kisha akarudisha macho mlangoni.